Jiko la kijijini: Ya kushika na ya kuacha

UKIPITA katika maboma ya Migori na Homa Bay jioni, kutoka Kendu Bay hadi Muhuru na kutoka Mbita hadi Kehancha, utaona moshi ukipenya kwenye nyasi au chini ya mabati ya kijumba kilicho kando ya nyumba kubwa. Hicho kijumba ndicho jiko. Humo mama hukaa saa nyingi za siku yake, na aghalabu mtoto mchanga huwa naye, mgongoni au mkekani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na akina mama wa sehemu hizo ni hili: "Daktari, nimpe mtoto nini apate damu na nguvu?" Anayeuliza hutarajia kutajiwa dawa ya chupa au unga wa kununua dukani. Jibu mara nyingi liko kwake nyumbani, limeanikwa juani au limeota nyuma ya zizi. Linalokosekana si chakula peke yake. Ni zile hatua ndogo kati ya kuvuna na kupakua. Baadhi ya hatua hizo nyanya zetu walizijua vyema na sisi tunaziruka kwa haraka. Nyingine hazikuwa nzuri hata enzi zao, na hazina sababu ya kuendelea.

Samaki mdogo, faida kubwa

Tuanze na omena, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita dagaa na Waganda humwita mukene. Kwa vile anauzwa kwa bei nafuu, kuna watu wanaomdharau na kumwona chakula cha asiyeweza kununua ngege au mbuta. Kwa macho ya daktari mambo ni kinyume. Ngege huliwa minofu, mifupa ikatupwa. Omena huliwa mzima, kichwa, mifupa na vyote vilivyomo. Kwa hiyo anayemla hupata protini, madini ya kalsiamu ya kujenga mifupa na meno, madini ya chuma na zinki, na vitamini B12 ambayo mboga haina.

Kuna desturi moja ambayo ningependa iachwe leo kabla ya kesho. Samaki akiiva, baba hupakuliwa kwanza, wakubwa hufuata, na mtoto wa mwaka mmoja hupewa ugali uliolowekwa katika supu. Mama huamini kwamba nguvu zote zimeingia kwenye supu. La, hazikuingia. Supu ni maji, chumvi na ladha, pamoja na mafuta kidogo. Protini na madini vimebaki ndani ya samaki. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula omena mwenyewe. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, mkaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo, mtwange awe unga laini, kisha utie kijiko kimoja kikubwa katika uji au katika ugali uliopondwa na mboga. Mtoto na apakuliwe kwenye sahani yake mwenyewe. Wakila wengi katika bakuli moja, mwenye mkono mdogo ndiye ashindwaye.

Unaponunua, tazama rangi. Omena mzuri ni mkavu na anang'aa kama fedha. Aliyegeuka manjano na kunata amekaa vibaya, na hasa majira ya mvua huwa alinyeshewa kabla ya kukauka. Huyo usimtie katika uji wa mtoto.

Hapa niseme neno juu ya unga wa mchanganyiko unaouzwa sokoni, wa vitu saba, tisa, hata kumi na viwili. Wingi wa vitu haufanyi unga kuwa bora. Soya au maharagwe yaliyosagwa mabichi huwa mazito tumboni mwa mtoto na huhitaji kuiva sana, na njugu zikiwa na kuvu huharibu unga wote. Unga wa mtama au wimbi, omena kidogo na njugu safi zilizokaangwa vinatosha kabisa.

Mboga chungu na kikombe cha chai

Osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mrenda), boo (majani ya kunde) na mitoo ni mboga ambazo miaka iliyopita zilisukumwa kando na sukuma wiki na kabeji. Siku hizi zimerudi sokoni kwa heshima, na vizuri. Majani ya rangi ya kijani kilichokolea yana madini ya chuma na yale yanayogeuka kuwa vitamini A mwilini.

Nyanya zetu walizipika kwa maziwa au kwa samli. Walikuwa sahihi. Vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta, na maziwa hupunguza uchungu. Lakini tabia ya kuchemsha osuga, kumwaga maji ya kwanza, kisha kuchemsha tena ni hasara, kwa sababu vitamini C na baadhi ya madini humwagika na maji yale. Ukitaka kupunguza uchungu, changanya osuga na boo au mrenda. Magadi nayo hulainisha mboga upesi na kuipa rangi nzuri, lakini huharibu vitamini. Kiasi cha ncha ya kijiko si neno kubwa. Kijiko kizima kila siku ni neno. Osha majani kabla ya kuyakata, usiyakate ukayaacha ndani ya maji. Tunda bichi la osuga lisiliwe, lina sumu.

Sasa kuna kikombe cha chai. Katika boma nyingi chai hunywewa pamoja na chakula au mara tu baada yake. Majani ya chai yana kitu kinachoshikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Mama mjamzito anaweza kula mboga za kienyeji kila siku na bado awe na damu pungufu kwa sababu ya chai. Haimpasi kuiacha. Ainywe saa moja kabla ya chakula au saa moja baadaye. Kwenye mlo aweke badala yake nyanya mbichi, ndimu, pera au chungwa, kwa maana vitamini C hufanya kazi iliyo kinyume cha chai.

Mjamzito huyo huyo huenda ana odowa mkobani, yale mawe laini yanayouzwa sokoni kwa mafungu. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe huzidi kuzuia madini ya chuma na waweza kuleta mayai ya minyoo. Asichekwe wala asikemewe. Aende kliniki apimwe damu na apewe vidonge vya chuma. Vilevile nisije nikaeleweka vibaya: katika maeneo haya ya ziwa, malaria, minyoo na ugonjwa wa seli mundu hupunguza damu hata pale chakula kilipo kizuri. Mtoto ambaye viganja vyake ni vyeupe hatibiwi kwa mboga peke yake.

Muhogo na siku tatu zisizorukwa

Katika sehemu nyingi za Migori na kando ya ziwa, unga wa ugali huchanganywa na muhogo. Muhogo ni mkombozi wakati wa ukame, maana hukaa ardhini ukingoja. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kinachoiondoa ni kazi ya mikono: kumenya, kulowesha ndani ya maji kwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, kuumegamega, kisha kuuanika juani hadi ukauke kabisa. Wengine huuvundika kwa kuurundika na kuufunika siku kadhaa, kisha hukwangua kuvu na kuanika. Njia hiyo nayo husaidia, ingawa kulowesha kunaondoa sumu zaidi. Kukata vipande na kuanika tu hakutoshi kwa muhogo mchungu.

Kwa nini nisisitize hivyo? Ng'ambo tu ya mpaka wa Isebania, katika wilaya ya Tarime nchini Tanzania, ulizuka mwaka 1985 ugonjwa uliowashangaza watu. Wanawake na watoto waliokuwa wazima walishikwa ghafla na udhaifu wa miguu yote miwili. Miguu ilikakamaa, wakawa hawatembei au wanatembea kwa ncha za vidole. Madaktari waliochunguza waliwapata wagonjwa 39, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina la Wayaka wa Congo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na uliandikwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji mwaka 1981, ukame uliwaletea watu zaidi ya 1,000 ugonjwa huo huo. Hauna dawa. Miguu ikishakakamaa hubaki hivyo maisha yote.

Mambo mawili yalikutana Tarime. La kwanza ni njaa. Ghala likiwa tupu na watoto wakilia, siku tatu za kulowesha hupungua zikawa mbili, zikawa moja. La pili ni kukosa kitoweo. Mwili una njia yake ya kuivunja sianidi, lakini njia hiyo huhitaji salfa, ambayo hutoka katika protini ya samaki, maziwa, nyama au mayai. Anayekula ugali wa muhogo kwa omena ana kinga. Anayekula ugali huo kwa chumvi na majani matupu, wiki baada ya wiki, hana. Ndiyo maana katika boma lile lile huumia mama na watoto kuliko baba: kitoweo kilichokuwapo kilikwenda kwake.

Kama unga umekwisha kusagwa na una shaka nao, kuna njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia na kutumiwa Congo na Msumbiji. Changanya unga na maji uwe kama udongo laini, utandaze juu ya sinia kwa unene usiozidi ukucha wa kidole gumba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Sumu huruka hewani kama mvuke. Fanya hivyo nje, si ndani ya chumba kilichofungwa.

Mahindi na njugu

Homa Bay na Migori hulima njugu, na njugu na mahindi hushikwa na kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, wakati watu 317 waliugua Ukambani na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga kwa kawaida. Kwa kiasi kidogo cha miaka mingi huharibu ini na huweza kuleta kansa.

Usianike juu ya udongo mtupu. Tandika turubai. Kabla ya kujaza gunia, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi cha robo na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, halafu iache dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Mifuko mipya isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini ukifungia mahindi mabichi ndani yake umefungia hasara. Njugu zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota kuvu huchaguliwa kwa mkono na kutupwa. Zisitumiwe kwa pombe wala zisipewe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kwa wanaochimba dhahabu pande za Macalder, Osiri na kwingineko Nyatike, nina ombi moja. Karai, kijiko au sufuria iliyotumiwa kuchomea dhahabu na zebaki isirudi jikoni hata ikisuguliwa kwa majivu mara kumi, na uchomaji wenyewe usifanywe jikoni. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Moshi

Hapa ndipo siwezi kuwatetea nyanya zetu. Jiko la mawe matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha ni hatari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa nyumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayevuta moshi huo ana hatari ya nimonia inayokaribia mara mbili ya asiyeuvuta. Mama aliyepika hivyo miaka thelathini hupata kikohozi kisichokwisha na pumzi fupi, akadhaniwa ana pumu au kifua kikuu.

Je, jiko la kisasa litamaliza nimonia? Wauzaji husema hivyo. Ushahidi una tahadhari zaidi. Huko Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba jiko lenye bomba la kutoa moshi lilipunguza nimonia kali kwa karibu theluthi moja. Nchini Malawi, matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba majiko ya kuni yaliyoboreshwa hayakupunguza nimonia ya watoto. Halafu ukaja utafiti mkubwa wa gesi uliohusisha wajawazito 3,200 katika nchi za Rwanda, Guatemala, India na Peru. Nusu yao walipewa gesi bure. Moshi ulipungua sana, lakini matokeo ya mwaka 2022 na 2024 yalionyesha kwamba uzito wa watoto waliozaliwa na idadi ya waliopata nimonia kali havikutofautiana na wale wa kuni.

Mimi husoma matokeo hayo hivi. Jiko jipya si chanjo. Mtoto huvuta moshi wa jirani na wa koroboi pia, na huugua kwa sababu nyingine nyingi. Kwa hiyo chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, isikosekane, wala maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Lakini macho na mapafu ya mama bado yanataka moshi upungue, na mengi yanawezekana bila fedha nyingi.

La kwanza ni kumtoa mtoto. Wakati moto unawashwa na moshi ni mzito, mtoto mchanga akae nje kivulini na dada yake au nyanya yake, asiwe mgongoni mwa mpishi. La pili ni kazi ya akina baba: toboa dirisha mbili zinazotazamana na uache nafasi kati ya ukuta na paa. Ni kazi ya siku moja. Kuni zikauke kabla ya kuletwa jikoni, kwani kuni mbichi ni moshi mtupu. Mawe matatu yaweza kubadilishwa kwa jiko la udongo la kuni, ambalo vikundi vya akina mama vya Nyanza vimelifinyanga tangu miaka mingi. Hula kuni chache, na moto wake haujatapakaa kiasi cha mtoto anayetambaa kuufikia. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ilowekwe usiku kucha. Ikishachemka nusu saa, sufuria iingizwe katika kapu lililojazwa nguo kuukuu na kufunikwa vizuri. Itaendelea kuiva bila moto.

Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata usiku wa baridi na mvua. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi inayoua watu wakiwa usingizini.

Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika ishirini, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia. Akinywa mafuta taa, usimtapishe. Mpeleke upesi.

Na mtoto anayekohoa je? Mvue nguo kifuani akiwa ametulia, tazama tumbo likipanda na kushuka, uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi au ya simu. Aliye chini ya miezi miwili akivuta pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi kumi na moja akivuta 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akivuta 40 au zaidi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, usingoje kupambazuke.